Shimo Kichwani mwa Babu

Babu yangu alikuwa na shimo kichwani. Usidhani lilikuwa shimo la kutisha. Lilikuwa bonde dogo upande wa kulia, juu ya sikio, ambapo vidole viwili vya mtoto vingetulia bila kuteleza. Nywele hazikuota vizuri pale. Jioni, akiwa ameketi nje ya jiko akingoja chai, sisi wajukuu tuligombania kuligusa, naye akitutania kwamba humo ndimo alimoficha sumuni zake tangu enzi za mkoloni. Baba yangu hakuligusa kamwe. Hata kulitazama sikumwona akilitazama. Nilikuja kuelewa sababu baada ya miaka mingi, nikiwa tayari nimevaa koti jeupe na kuitwa daktari na watu walionizidi umri mara tatu.

Kisa cha shimo ni hiki. Katika miaka ya 1950, kabla baba hajazaliwa, Babu alipigwa rungu kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Haya yalitokea Mugirango, upande ambao leo ni Kaunti ya Nyamira. Jeraha la nje lilifunga. Kichwa chenyewe hakikupona. Miezi ikapita, hawezi kuinama kushika jembe, hawezi kuvumilia jua, usiku analia kama mtoto. Ndugu zake wakafanya kikao, wakatoa mnyama, wakamwita omobari.

Wagusii hawakuwa na mganga mmoja wa kila kitu. Abanyamete walijua miti na mizizi. Abaragori, wengi wao wanawake, walipiga ramli na kueleza ni mzimu upi uliokasirika na unataka nini. Ababari walipasua. Na walichokuwa wakipasua, zaidi ya chochote, ni kichwa.

Mgonjwa alilazwa nje, kwenye majani ya mgomba, mahali penye mwanga. Jamaa zake walimshika. Omobari alichana ngozi, akaifungua, akatazama mfupa kutafuta ufa. Kisha akaanza kukwangua kwa kisu kilichopinda ncha, kilichotengenezwa na mhunzi wa kijijini, pole pole, hadi mfupa ulioharibika ukaisha. Hapo ndipo ujuzi wenyewe ulipo, kwa sababu chini ya fuvu kuna utando unaofunika ubongo, na ukiutoboa utando huo huna tena mgonjwa, una maiti. Ababari walilijua hilo bila kusoma kitabu chochote. Babu alisema alisikia kila mkwaruzo, kama mtu anayeparuza sufuria iliyoungua, na kwamba aliyemshika mabega alikuwa kaka yake mkubwa, naye ndiye aliyekuwa akilia.

Miye nilidhani hizi ni hadithi za jikoni. Nikiwa mwaka wa nne wa masomo nikakuta kwenye maktaba kwamba mwaka 1958 jarida la madaktari, East African Medical Journal, lilichapisha makala kuhusu utoboaji wa fuvu miongoni mwa Wakisii. Edward Margetts, daktari wa akili kutoka Kanada aliyeongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi katika muongo huohuo, naye aliwafuatilia ababari na kuandika juu yao mwaka 1967. Mwaka 1985 wakaja wapasuaji wengine na makala yao. Wote walishangaa jambo lilelile: wagonjwa wengi walikuwa wakipona. Kufikia wakati huo baadhi ya ababari walikuwa wameanza kutumia dawa ya ganzi na penisilini za dukani, si unajua, hakuna fundi anayekataa kifaa kizuri. Kule Peru na Ufaransa wataalamu wa mambo ya kale wamefukua mafuvu yaliyotobolewa maelfu ya miaka iliyopita, wakayaweka kwenye makumbusho. Kwetu mwenye fuvu alikuwa anakunywa chai.

Lakini makala hizo zilikuwa na hamu zaidi na visu kuliko watu. Swali nililobaki nalo mimi, kijana niliyekuwa nikifeli anatomia na kurudia, lilikuwa tofauti: huyu omobari alifundishwaje?

Jibu ni kwamba alifundishwa nyumbani. Mara nyingi kazi ilikaa ndani ya ukoo, mzee akamwachia mwanawe au mtoto wa ndugu yake. Kijana alianza kwa kubeba vitu. Kisha akaruhusiwa kushika kichwa cha mgonjwa kisitikisike. Miaka ikapita akishika vichwa tu. Alipokuja kushika kisu, mgonjwa alikuwa mtu wa milima ileile, jamaa wa mgonjwa walikuwa wamesimama pale pale wakihesabu pumzi, na mwalimu wake alikuwa ameinama bega kwa bega naye. Mgonjwa akifa, waliokuwa na kesi ni wawili, mwalimu na mwanafunzi. Sidai kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Wapo waliokufa, na Babu mwenyewe alikuwa akisema kama angekuwa na njia nyingine asingelala kwenye yale majani. Nasema tu kwamba taabu ya kujifunza ilikuwa na mashahidi.

Kwa abaragori taabu ilikwenda mbali zaidi, yenyewe ilikuwa ndiyo barua ya kuitwa. Mwanamke aliugua, akazika watoto, akaota ndoto, hadi ikabainika kwamba wazee waliotangulia wanataka aichukue kazi ambayo pengine bibi yake aliifanya. Hakuna aliyeamka asubuhi akiwa na afya njema na kusema, mimi nataka kuwa omoragori. Ulifika pale kwa kuumia kwanza.

Basi wakaja Waingereza. Mji wa Kisii, ambao wazee bado wanauita Getembe, ulianza kama boma lao mwaka 1907 na 1908, na ukaanza kwa damu: Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki afisa wa serikali, Northcote, akichochewa na Moraa, nabii wa Kitutu ambaye anakumbukwa pia kama mganga. Northcote akanusurika. Otenyo akauawa, na nyumba za watu zikateketezwa. Miaka sita baadaye, Septemba 1914, Wajerumani kutoka Tanganyika waliingia mji huohuo na kupigana na Waingereza. Hospitali ya Kisii ilianza mwaka 1916, katikati ya vita hivyo, kwa ajili ya kutibu askari. Huwa najikumbusha jambo hilo kila nikipita langoni pake. Hospitali yetu haikujengwa kwa sababu mtu fulani alisikia Wagusii wanaumwa.

Ila watu wana njia yao ya kuigeuza nyumba ya mgeni ikawa yao. Walioigeuza walikuwa madresa. Hawa walikuwa vijana, mara nyingi wa kusoma misheni, Wakatoliki wa Nyabururu au Waadventista wa Nyanchwa, waliofundishwa kufunga vidonda, kupima joto na kuchoma sindano. Daktari wa serikali alikuwa Mzungu anayepita, leo yuko, kesho amehamishwa. Dresa ndiye aliyejua mama yako ni wa ukoo gani na nani alikuroga ukiwa mdogo. Hadi ninapoandika haya, ukienda vijijini Borabu au Bomachoge utakuta mzee anamwita daktari mtu yeyote mwenye sindano, na hakosei sana kihistoria.

Kuwa daktari kamili ilikuwa hadithi nyingine. Tangu miaka ya 1920 hadi Nairobi ilipofungua kitivo chake cha udaktari mwaka 1967, kijana wa Kenya aliyetaka kusomea kazi hii bila kuvuka bahari alikuwa na mlango mmoja, Makerere, na hospitali ya Mulago pale Kampala. Wengine walikwenda India, wengine Urusi ya Kisovieti. Nani aliwalipia? Serikali na wafadhili, ndiyo, lakini nauli, suti, sanduku na zile pesa za mfukoni za miezi ya kwanza zilitoka kwa kahawa, pareto na chai, na kwa majirani. Kwetu kulikuwa na utaratibu wa zamani wa kulimiana, egesangio: leo kundi zima shambani kwangu, kesho kwako. Neno harambee liliposhika nchi baada ya uhuru, Wagusii hawakufundishwa jambo jipya. Walibadilisha tu jembe kwa noti.

Harambee yangu ilifanyika mwaka 2010, Jumapili moja, kwa sababu Jumamosi ni Sabato na nusu ya kijiji ni Waadventista. Nilikuwa nimepata A ya wastani na barua ya chuo kikuu. Karo ya mwanafunzi wa serikali haikuwa kubwa sana, lakini kwa watu wanaongoja bonasi ya chai mara moja kwa mwaka, hakuna karo ndogo. Mama alitafuta daftari la kurasa 48, la mistari, na mwalimu mmoja mstaafu akawa mwandishi. Kufikia jioni kulikuwa na majina 87. Mia mbili. Elfu moja. Kuku. Debe la mahindi. Jina la sita lilikuwa la jirani yetu, mzee niliyemwita baba mkubwa ingawa si ndugu wa damu: mbuzi mmoja. Aliuzwa papo hapo, shilingi 2,400.

Kabla ya kufunga kwa maombi mzee huyo alisimama akasema maneno mafupi. Alisema, "Kijana, huyu mbuzi sikupi. Nakukopesha." Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Nilikuwa na miaka 19, sikujua kwamba nimesikia kiapo cha udaktari miaka sita kabla ya kile cha mahafali.

Ninachotaka kusema katika makala haya ni hicho tu: daktari wa kwetu hutengenezwa na watu wanaomdai. Vitabu vina kazi yake, na sijasema usisome. Lakini kinachomfanya aamke saa tisa usiku kwenda wodini ni lile daftari. Na daftari hilohilo, msomaji wangu, linaweza kumvunja mgongo.

Nilipata nafasi ya uanagenzi mwaka 2016, mwaka ule wa lazima ambao daktari mpya hupitishwa idara baada ya idara kabla ya kupewa leseni: upasuaji, watoto, wazazi, magonjwa ya ndani. Nilipangiwa hospitali moja huku kwetu. Wenzangu walinionea wivu, ati niko nyumbani, nitakula chakula cha mama. Hawakujua kuhusu chinsoni.

Chinsoni, ukitaja moja ni ensoni, ni haya. Kiswahili kina neno soni, nadhani ni ndugu yake. Lakini kwa Wagusii haya si hisia tu, ni sheria inayogawa watu kwa vizazi. Kati ya baba na mwana, na kati ya kila mtu wa rika la baba na kila mtu wa rika la mwana, kuna ukuta. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mwana haoni mwili wa baba. Hawazungumzi mambo ya kitandani, hawataniani. Robert na Barbara LeVine, Wamarekani waliokaa Gusii kuanzia mwaka 1955 na kutoa kitabu cha Nyansongo mwaka 1966, waliliandika jambo hili kwa kirefu. Kati ya babu na mjukuu ukuta haupo. Huko ni utani mtupu, hata wa matusi. Ndiyo sababu sisi tulitia vidole katika shimo la Babu na baba akatazama pembeni: kichwa cha baba yake kilichofunguliwa kilikuwa uchi.

Sasa niambie. Saa nne usiku analetwa mzee wa rika la baba, mkojo umemziba tangu jana kwa sababu ya tezi dume, kibofu kimejaa kama ngoma. Anahitaji mpira wa mkojo, na wa kuuingiza ni mimi. Mzee akanitazama, akaniuliza mimi ni wa nani. Nikajibu ukweli, kwa ujinga. Akavuta shuka hadi shingoni. Akasema atangoja hadi asubuhi. Mwenzangu wa zamu, kijana wa Mombasa, ndiye angeniokoa, lakini alikuwa thieta. (Huyu Mmombasa alikuwa na balaa lake. Wiki ya kwanza mgonjwa alimwambia kwa Kiswahili cha kwetu kwamba anayeumwa ni "baba", naye akajaza fomu nzima ya mwanamume. Kwa Ekegusii baba ni mama. Baba mzazi ni tata.)

Aliyeniokoa ni muuguzi wa usiku, mama wa makamo aliyefanya kazi wodi ile tangu nikiwa chekechea. Alivuta kiti. Akamuuliza mzee ukoo wake, mama yake alitoka wapi, aliolea wapi. Akanigeukia akaniuliza ya nyanya yangu mzaa mama. Akahesabu kwa vidole, kimya kidogo, kisha akatangaza: "Mzee, huyu kwa upande wa mama yake ni mjukuu wako." Sijui hadi leo kama hesabu ile ilikuwa ya kweli. Mzee alinitazama upya. Akaachia shuka. Akasema, "Basi mjukuu, ukinivunja hiyo kitu utanipa yako." Tulicheka sote watatu, na mpira ukaingia.

Katika miaka sita ya darasani hakuna profesa aliyenifundisha jambo lenye faida kuliko lile, na yule muuguzi hakuwa na cheo chochote cha ualimu.

Tarehe 5 Desemba 2016 mgomo ukaanza. Muungano wa madaktari, KMPDU, ulikuwa umetia saini mkataba na serikali mwaka 2013, na mkataba ukabaki karatasi. Siku 100 hospitali za umma zikakaa bila madaktari. Februari 2017 viongozi saba wa muungano walifungwa jela, wakaachiliwa baada ya siku chache. Mgomo uliisha tarehe 14 Machi. Hiyo ndiyo historia inayoandikwa. Mimi nilikuwa nyumbani nachuma chai.

Hakuna mshahara, nauli hakuna, na nyumba ya kupanga mjini nilishairudisha. Kiangazi kilikuwa kikali, majani machache, nachuma nyuma ya mama yangu ambaye hakunilaumu hata mara moja, na ningependa angenilaumu. Watu walinifuata pale kwenye kituo cha kupimia chai. Mtoto ana homa, nitazamie. Dawa hizi za presha, nizinywe zote? Niliwatazamia. Niliamini mgomo ni wa haki na bado naamini. Lakini ukiwa umesomeshwa na watu 87, jaribu kuwaeleza kwamba unagoma dhidi ya serikali, si dhidi yao.

Usiku mmoja wa Februari yule baba mkubwa wa mbuzi alikuja kubisha. Kijana wake wa mwisho, mwendesha boda, alikuwa ameanguka na pikipiki jioni. Aliinuka mwenyewe, akacheka na wenzake, akala ugali, akalala. Sasa hawaamki vizuri. Nilimulika macho yake kwa tochi ya simu. Mboni moja ilikuwa imepanuka kuliko nyingine.

Kila mwanafunzi wa udaktari anakijua kisa hiki, kimo katika kila kitabu. Mshipa umepasuka chini ya fuvu, damu inajaza nafasi, ubongo unasukumwa. Mgonjwa huzungumza, kisha hulala. Kinachotakiwa ni kimoja, na kinatakiwa ndani ya saa chache. Shimo.

Nilijua mahali pa kulitoboa. Ningeweza kulichora kwa kalamu juu ya ngozi ya yule kijana. Sikuwahi kulitoboa, niliwahi tu kushika kichwa, kama wale vijana wa ababari, na mpasuaji wangu alikuwa mgomoni. Tulitafuta gari. Hospitali ya kwanza ilikuwa na mlinzi na muuguzi mmoja. Ya pili, ya watu binafsi, ilitaka amana kabla ya lango kufunguliwa. Tulipopiga simu huku na huku hadi pesa zikapatikana kwa M-Pesa, tukaambiwa wa kupasua kichwa hayupo, twende mbele. Kijana alifia kwenye kiti cha nyuma alfajiri, kichwa chake mapajani mwangu. Baba yake alikuwa kiti cha mbele. Hakugeuka. Na mimi, kwa ile sheria yetu, sikuweza kumshika bega.

Kwenye mazishi nilitaka kukaa nyuma. Walinitafutia kiti mbele, na mwendesha shughuli akanitambulisha kama daktari wa familia. Sijui nani alimtuma aseme hivyo.

Nilirudi kazini mwezi uliofuata, nikamaliza uanagenzi, nikapata leseni. Yaliyofuata unayajua ukisoma magazeti. Desemba 2020 Dkt. Stephen Mogusu alifariki kwa Covid-19 akiwa na miaka 28, baada ya kuwahudumia wagonjwa wa ugonjwa huo Machakos kwa miezi kadhaa bila kulipwa mshahara. Tarehe 14 Machi 2024 mgomo mwingine, siku 56, safari hii kiini chake kikiwa wanagenzi wenyewe: mkataba wa 2017 ulisema walipwe shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikasema ina 70,000. Septemba mwaka huohuo madaktari wanagenzi walimlilia mwenzao aliyejitoa uhai, na mazungumzo ya zamu za saa 36 yakarudi, yakakaa wiki mbili tatu, yakapoa. Mwishoni mwa mwaka serikali ilikubali kulipa kulingana na mkataba.

Watu waliuliza kwa nini vijana hawa hawavumilii, ilhali madaktari wa zamani walivumilia. Jibu langu si la kitaalamu. Uvumilivu wa zamani haukuwa wa mtu mmoja. Kijana wa omobari aliposhindwa, mzee wake alishindwa naye, hadharani. Dresa alirudi jioni kwenye boma la watu wake. Mwanagenzi wa leo hupangiwa kaunti asiyojua hata neno la salamu yake, anaachiwa wodi nzima usiku, na mkubwa wake ni namba ya simu isiyopokelewa. Deni la nyumbani linabaki lilelile. Mama anapiga simu kuuliza kama ameanza kulipwa, kwa sababu mdogo wake ameingia kidato cha kwanza. Sisi tuliokaa karibu na kwetu tulikuwa na ukuta wa chinsoni, ndiyo, lakini pia tulikuwa na muuguzi wa kutuhesabia ukoo.

Siku hizi Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopewa hati mwaka 2013, kinafundisha udaktari, na wanafunzi wake huzunguka wodi za ile hospitali ya askari ya 1916. Huwa naalikwa mara mojamoja kuzungumza nao. Huwaeleza habari za ababari, na wanapenda, wanapiga picha za michoro yangu ya visu. Nikifika kwenye habari za daftari huwa wananyamaza. Kila mmoja ana lake.

Mwaka jana binti wa baba mdogo alipata nafasi ya kusomea udaktari. Mama akanipigia simu: "Lete kile kitabu." Nilikipata ndani ya sanduku, kurasa zimeanza kuwa za manjano, mwandiko wa mwalimu mstaafu bado umenyooka. Kilitumika kujua wa kualikwa. Nilipiga simu nyingi mwenyewe. Jina la sita sikulipigia. Niliruka nikaenda la saba.

Jioni ya harambee, tukiwa tumeshafunga hesabu, simu ya mama ililia. Baba mkubwa alikuwa ametuma shilingi mia tano kwa M-Pesa. Mama akampigia kumshukuru, akaweka simu kwenye spika ili sote tusikie. Mzee akasema anaumwa miguu, ndiyo sababu hakuja. Akauliza kama daktari yupo. Mama akasema yupo. Akasema, "Mwambie basi. Za mtoto hizo," kisha mtandao ukakatika.